Uzi wa Dirishani

Shemeji yangu mpendwa na mheshimiwa,

Kwanza pokea salamu zangu, ninazozituma nikiwa nimevua kofia ingawa hunioni. Natumaini zitakukuta mzima wewe na wote walio chini ya paa lako, na kwamba kidole gumba chako, kile ulichoniandikia kuwa kilibanwa na jiwe, kimeanza kukunjika tena. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yananung'unika asubuhi, na macho yanadai mwanga mwingi zaidi kila mwaka, lakini bado najipikia, bado najifulia, na sijawahi kutoka nje na shati lisilopigwa pasi. Dada yako, mke wangu, angekuwapo angesema kwamba hiyo ya pasi ni majivuno, na angesema kweli.

Pili, naomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilinifikia wiki kumi na moja zilizopita, haikupotea, wala mimi sikuumwa. Nimeanza kuijibu mara saba. Sababu ya kushindwa nitaieleza mahali pake, na nakusihi usiruke kurasa kuitafuta, kwa kuwa mimi mwenyewe nahitaji mwendo wa kurasa hizi ili nifike.

Habari za hapa si za kufurahisha. Mto umepungua sana tangu miti ya juu ikatwe, na lile bwawa la tatu, lililokuwa ofisi yako, sasa ng'ombe wanalivuka bila kulowa tumbo. Wageni wa kuvua waliacha kuja mmoja mmoja, kama watu wanaoondoka kwenye mkutano bila kuaga. Meneja wetu wa zamani alifariki mwaka jana. Wenye nyumba hii ya wageni wameiuza, na aliyeinunua anataka kuhifadhi mbao humo. Ofisi imefungwa kwa kufuli ambalo hakuna ajuaye ufunguo wake uko wapi. Mimi nimepewa hadi mwisho wa mwezi kuvihama vile vyumba viwili nyuma ya stoo. Usinihurumie kwa hilo. Utaona mbele kwamba huruma hiyo singestahili kuipokea.

Sasa nije kwenye maombi yako. Uliniandikia kwamba kambi mpya ya uvuvi, ile ya mto wa pili, inatafuta mwongozaji wa wageni, na kwamba mama anayeisimamia alikusikiliza vizuri mpaka alipouliza kwa nini uliacha kazi kwetu. Ulimwambia ukweli kama unavyoujua, naye akakuambia ulete barua ya sifa kutoka hapa ndipo mzungumze. Ukaniomba niifuatilie. Tena ukaniomba nikuandikie upya habari za kuchagua na kutunza uzi, kama ninayemweleza mtu asiyejua lolote, ili akikuuliza usipate kigugumizi baada ya miaka tisa ya kuponda kokoto. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, uliniuliza fundo lako lilikuwa na kasoro gani.

Naanza na uzi, kwa kuwa ndio ulio rahisi.

Mvuvi wa samaki aitwaye trauti harushi ndoana yenye chambo kizito. Anarusha uzi wenyewe, ule mnene wa rangi, na ndio unaobeba vingine vyote. Baada yake huja uzi unaozidi kupungua unene, na mwisho kabisa hufungwa kipande cha urefu wa mkono mmoja au miwili, chembamba, kisicho na rangi, ambacho ndicho kinachomshika nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Wageni walikuwa na jina lao kwa kipande hicho. Sisi tulikiita unywele, kwa sababu ndivyo dada yako alivyokiita siku ya kwanza alipokidondosha akakitafuta sakafuni kwa kupapasa. Samaki akiuona unywele, haumi. Akiuma, hakuna kitu kingine duniani kinachomshikilia isipokuwa huo.

Katika kuchagua, mtazame kwanza nzi, kisha uyatazame maji. Nzi mkubwa anataka unywele mnene, la sivyo utajisokota kama kamba ya ndoo. Nzi mdogo anataka mwembamba, apate kuelea kama kitu chenye uhai. Maji yakiwa na tope, tumia mnene bila kuona haya. Yakiwa maangavu na yametulia, nenda kwenye mwembamba, yaani panda namba, maana namba hizo zinakwenda kinyume: tatu ni mnene, sita ni mwembamba. Wewe ndiwe uliyemfundisha dada yako jambo hilo, ukamwambia kuwa unywele ni kama mwanafunzi wa bweni, kila akipanda darasa anakonda. Alicheka hata akajichoma kidole kwa ndoana aliyokuwa akiifunga manyoya, na tangu hapo namba saba akaiita "kidato cha sita kabla ya mtihani."

Aina zake ni mbili. Nailoni ya kawaida ni laini, haizami upesi, na inafaa kwa nzi wanaoelea juu. Ile nyingine, ya bei ya juu, ni ngumu, huzama, na ndani ya maji karibu haionekani. Hiyo ni ya nzi wa chini. Aina zote mbili, kila asubuhi kabla ya kazi, vuta kipande cha urefu wa mkono, ukizungushe kwenye viganja, ukikaze taratibu. Kikikatika, tupa. Usijaribu kuokoa chochote.

Juu ya kuutunza, uniruhusu nisogee mbele kidogo. Nitarudi.

Basi lile la fundo. Uliandika kwamba mpaka leo, wenzako wanapokaa kunywa chai pale machimboni, wewe unachomoa uzi wa gunia na kulifunga fundo lile, mizunguko mitano, mate, kisha kuvuta polepole, na kulitazama ukitafuta mahali ulipokosea. Wanakuita Mzee Mafundo. Mmoja alikuuliza kama huyo mbuzi unayetaka kumfunga kwa kauzi hako ni mkubwa kuliko sisimizi. Uliyaandika hayo kama mzaha, shemeji, na mimi nilijaribu kucheka. Nililazimika kuiweka barua mezani na kwenda kusimama uani.

Ili nikujibu, sina budi kurudi kwenye siku ile, ingawa najua unaikumbuka kuliko mimi. Mgeni alikuwa yule mzee wa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonea mbali, yote ikining'inia shingoni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akija kumtafuta samaki mmoja tu, yule mkubwa wa chini ya mwamba katika bwawa la tatu. Siku hiyo samaki akala. Unywele ukakatika. Ukamfungia mwingine, na kabla ya saa sita samaki akala tena, jambo ambalo hakuna mwongozaji anayelitegemea, nao ukakatika. Wa tatu ulikatika ukiwa bado mkononi mwako, ulipokuwa ukiukaza. Mzee wa watu hakupiga kelele. Waliokuwapo walisema alikaa juu ya jiwe, akavua miwani yote miwili, akakaa hivyo bila kuona chochote.

Ofisini, meneja alivuta uzi kutoka kwenye kigurudumu chako cha kuzungushia uzi, ukakatika kwa vidole viwili. Akafungua katoni iliyokuwa imefika juma lile, akavuta uzi wa namba ileile, ukamkata ngozi ya kidole na wenyewe ukabaki mzima. Ndipo aliponigeukia akaniuliza, "Mtunza stoo, huyu ulimpa uzi gani?" Nilijibu kwamba nilimpa namba tano, kigurudumu kipya, hakijafunguliwa, kina karatasi yake, nimekitoa rafuni kwa mkono wangu. Shemeji, kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Alipokugeukia wewe, ulisema umetumia kile ulichopewa. Naye akasema, "Kwa hiyo uzi umezeeka njiani? Kutoka stoo mpaka mtoni, dakika kumi, ukaota mvi?" Watu waliojazana mlangoni wakacheka. Akahitimisha kwamba uliuza uzi mpya mjini ukazungusha mkuukuu kwenye kigurudumu kitupu. Wewe ukanitazama. Mimi nikavitazama viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile.

Kilichokuumiza zaidi najua hakikuwa kazi. Kilikuwa dada yako. Ndiye aliyekuombea kazi ile, na alikuwa amekaa dirishani mwa chumba chake cha manyoya akiona watu wanavyocheka. Unakumbuka hadithi ya jogoo wa mama yenu, uliyemuuza ukiwa na miaka tisa kisha ukasema kachukuliwa na mwewe, na kwa ushahidi ukaonyesha unyoya mmoja ulioung'oa mwenyewe. Kwa miaka thelathini dada yako aliisimulia hadithi hiyo kwa kicheko, kila mgeni aliipata, na wewe ulicheka naye. Jioni ile aliisimulia tena, kwangu mimi peke yangu, pasipo kicheko. Alipomaliza alisema, "Kumbe hakuacha." Siku iliyofuata akakuambia usikanyage tena kizingiti chake.

Sasa narudi kwenye kutunza, na nakuomba uketi kama umesimama.

Nilisoma misheni, kama ujuavyo, na yule bruda aliyetufundisha kazi za mikono alitaka kila chombo kipangwe dirishani, kwa mstari, lebo mbele, ili apite nje na kukagua bila kuingia. Kwa hiyo nilipopewa stoo, niliyatoa yale madebe ya chuma yaliyokuwa chini ya kabati la giza, nikaviweka vigurudumu vyote kwenye rafu ya dirisha la mashariki, namba tatu mpaka namba saba, kama wanafunzi kwenye gwaride. Kila Jumamosi nilivipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kuzuia vumbi na sisimizi. Wageni waliisifu rafu ile. Mmoja aliipiga picha. Jua la asubuhi lilipoipiga, nyuzi zilimeta zote kwa pamoja, na mimi nilisimama mlangoni nikajisikia mtu aliyefanya kazi yake. Nailoni haivumilii jua, shemeji. Haivumilii wala mafuta ya taa. Inaoza ndani kwa ndani, na kwa macho hubaki ileile, inang'aa na karatasi yake. Ulichopewa siku ile kilikuwa kipya kwa lebo, na kilikuwa kimekaa juani miaka miwili.

Fundo lako halikuwa na kasoro yoyote.

Ningependa kukuambia kwamba nimelijua hili juzi. Sivyo. Nililijua wiki tatu baada ya wewe kuondoka. Kifungo cha koti langu kilidondoka, na dada yako akakishona kwa uzi wa namba nne kutoka rafuni, akisema huo hautakatika mpaka anizike. Kilidondoka siku hiyohiyo. Akakishona tena, kikadondoka tena, naye akaanza kuilaumu mikono yake, kwamba imezeeka. Nilikwenda stoo nikavuta kigurudumu kimoja baada ya kingine. Vya mstari wa mbele vilikatika kama utando wa buibui. Vya nyuma, vilivyokingwa na wenzao, vilishika. Nilisimama pale navyo mkononi, naye kutoka chumba cha pili ananiuliza, "Umeshapata mwingine, mzee?" Nikamjibu kwamba natafuta.

Vile vibovu nilivichoma katika jiko la dobi. Vipya nilivitia katika madebe, nikayafunika, nikayarudisha chini ya kabati, mbali na jua, mbali na joto la bomba la maji ya moto, mbali na mafuta na dawa ya mbu. Hivyo ndivyo uzi unavyotunzwa, na kila mwaka utazame tarehe yake, na uzi usioujua tarehe yake usiuamini. Tangu siku hiyo hakuna unywele uliokatika bila sababu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walisema ni kwa kuwa wewe umeondoka.

Sikumwambia meneja. Dada yako alikuwa ameanza kukohoa, vile vyumba viwili vilikuwa vya kazi, na niliogopa atalala wapi. Siyatoi hayo kama utetezi. Nayataja kwa sababu yalikuwapo. Nilijiambia nitasema akipata nafuu. Hakupata.

Hili linalofuata ndilo nililoliogopa mara zote saba.

Siku nne kabla hajafariki aliniita nikae karibu. Alikuwa amewaza. Aliniuliza kama uzi mpya unaweza kuharibika wenyewe, stoo, pasipo mtu kuugusa. Aliuliza polepole, kama mtu anayefungua mlango kidogo aone kama kuna mtu. Nilijua anachotaka. Alitaka ruhusa ya kukuita. Na mimi, niliyemlisha kwa kijiko asubuhi ile, nilimjibu, "Hapana. Uzi mpya hauozi." Akasema, "Haya." Akageukia ukutani, akasema basi usiitwe. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekaa na uongo ambao hakuna aliyeniuliza, na nilipoulizwa na mtu mmoja tu, wa pekee aliyekuwa na haja ya jibu, sikutaka afe akinijua.

Siku ya mazishi nilikuona. Ulisimama nje ya uzio, kofia mkononi, mvua ikikunyeshea, na hakuna aliyekuambia uingie kwa sababu wote walijua marehemu hakutaka. Mimi pia nilikutazama kama wengine. Ningeweza kutembea hatua ishirini. Nilikuwa nimezihesabu.

Barua yako ilipokuja, nilijua kwamba ofisi haiwezi kukupa barua ya sifa kwa kuwa ofisi haipo, na aliyekuhukumu hayupo. Nimebaki mimi. Nikaanza kuandika, na kila nilipofika kwenye neno kutunza, kalamu ilisimama, nikaikunja karatasi, nikajiambia kesho. Zilipita wiki kumi namna hiyo. Hatimaye niliandika maelezo ya ukurasa mmoja, yenye sahihi yangu, yanayosema yote niliyoyasema hapa isipokuwa ya dada yako, nikapiga pasi shati, nikapanda basi hadi kambi ile mpya.

Yule mama alinipokea vizuri sana. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akasoma karatasi yangu mara mbili. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu asiyependa kuumiza, kwamba nafasi ilijazwa siku kumi na moja kabla. Alikungoja karibu miezi miwili, alisema, kwa sababu alipenda ulivyoueleza mto. Nilimwuliza kama ipo nafasi nyingine, hata ya kusafisha mashua. Akaniuliza kama ni kweli kuwa kidole chako hakikunjiki, maana ulimwonyesha mwenyewe. Nikasema ni kweli. Akanirudishia karatasi, nayo imo ndani ya bahasha hii. Sijui itakufaa nini. Iweke tu mahali pakavu.

Sikuombi unisamehe. Nimelitafuta neno la kuomba na kila nililolipata lilikuwa la kunifaa mimi. Ninaloomba ni moja: leo, wenzako wanapokunywa chai, usilifunge fundo lile. Na kama utalifunga, ulifunge kama mtu anayejua kazi yake.

Nisalimie mama watoto, umwambie nakumbuka alivyonikaribisha. Wasalimie watoto, na uwaeleze kadiri utakavyoona inafaa kuhusu mjomba wao huyu wa ndoa, au usiwaeleze. Kaburi la dada yako nalipalilia kila Jumapili, na nitalipalilia hadi siku ya kuhama. Baada ya hapo sijui ni nani.

Barua hii italetwa na mwongozaji yule aliyeipata nafasi. Nilikutana naye langoni mwa kambi, akanieleza kwamba anakwenda kumchukua mkewe na mizigo, na njia yake inapita hapa, kisha machimboni kwenu, naye kesho atapita kuichukua. Ni mtu mstaarabu, wa makamo, hana kosa lolote, na hajui yaliyomo humu, kwa hiyo naomba umpe maji na mahali pa kukaa. Utamtambua kwa vigurudumu vinne vipya alivyopewa kambini, amevining'iniza kifuani nje ya shati kwa furaha, na kwa mwendo wa siku mbili kwa miguu atakuwa navyo juani. Nilikuwa karibu kumwambia. Nikanyamaza, nikiona kwamba wewe ndiwe mwenye haki ya kumwambia, au ya kutomwambia.

Wako asiyestahili kuandika neno hilo,
Shemeji yako, aliyekuwa mtunza stoo.